Mikono Inayoshika: Je, Ni Halali Kumtendea Mtu Wema kwa Nguvu?



Swali la leo ni fupi, lakini naomba usilijibu haraka. Je, ni halali kumshika mtu kwa nguvu ili umtendee wema?

Najua wengi mtasema, "Inategemea." Sawa, lakini inategemea nini? Hapo ndipo kazi inapoanza.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Kwa siku ya kawaida naandaa vifaa, nachanganya dawa ya kuzibia jino, nanyonya mate kwa bomba wakati dokta anafanya kazi, naelekeza taa, kisha nasafisha kila kitu na kukitakasa kabla ya mgonjwa mwingine hajaingia. Lakini kuna siku tunazopokea wagonjwa wenye mahitaji maalumu: watoto na watu wazima wenye usonji, mtindio wa ubongo, hali ya Down, kifafa, au ulemavu wa akili. Siku hizo kazi yangu inaongezewa neno moja, "mshike". Mshike kichwa. Mshike mkono. Mshike asigeuke.

Kwa hiyo kwangu mimi swali hili halipo kwenye vitabu tu. Liko kwenye viganja vyangu.

Majibu mawili yanayokuja haraka

Jibu la kwanza linasema: "Mshike tu, ni kwa faida yake." Hajui kinachomsaidia, sisi tunajua. Jino limeoza, linauma, lisipotibiwa litaleta usaha. Kwa hiyo mshike, mmalize, aende nyumbani. Atalia kidogo, basi.

Jibu la pili linasema: "Hataki, muache." Ni mtu mzima, ana haki zake. Amefunga mdomo, maana yake amekataa. Andika kwenye faili kwamba mgonjwa hakutoa ushirikiano, muite anayefuata.

Ukiyaangalia vizuri, majibu haya yanaonekana kama maadui, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanamaliza kazi haraka. Yote mawili hayana haja ya kumjua aliyekaa kwenye kile kiti. La kwanza linaushika mwili wake na kusahau kwamba ndani yake kuna mtu. La pili linasema linamheshimu huyo mtu, lakini linamrudisha nyumbani na maumivu yake.

Tena la pili lina hatari ya kutudanganya, kwa sababu lina maneno mazuri. Kuna wagonjwa wengi wenye ulemavu ambao meno yao yanaoza miaka na miaka, si kwa sababu familia haijali, bali kwa sababu kila walikokwenda waliambiwa, "Huyu hatumwezi." Kumwacha mtu kunaweza kuvaa nguo za heshima. Chini ya hizo nguo, mara nyingi kuna uvivu wetu.

Je, aliyefunga mdomo amekataa?

Kabla hatujasema mtu amekataa, tujiulize kwanza kama tumemwelewa.

Mgonjwa mwenye mtindio wa ubongo anaweza kufunga meno kwa nguvu kifaa kinapogusa ufizi wake. Hajaamua. Misuli yake imejibana yenyewe, kama vile goti lako linavyoruka daktari akiligonga. Ukiilazimisha mikono na miguu yake inyooke, ndivyo inavyozidi kukakamaa. Ukilaza kiti chote nyuma, anaweza kukabwa na mate yake mwenyewe. Msaidizi asiyejua haya atasema, "Huyu mkaidi." Anayejua ataweka mto chini ya magoti, ataacha kiti kimeinuka kidogo, ataweka kipande cha mpira kati ya meno ili mdomo usijifunge, na atasubiri misuli ilegee. Mgonjwa ni yuleyule. Kilichobadilika ni ujuzi wetu.

Mwenye usonji naye anaweza kupiga kelele ile mashine ya kuchimbia ikiwashwa. Kwako ni sauti ya kuudhi tu. Kwake inaweza kuwa kama mtu amewasha honi ya lori ndani ya kichwa chake. Taa nayo inamchoma macho, na harufu ya glovu inamchefua. Akiruka kutoka kwenye kiti, hajakataa kutibiwa. Amekataa kelele, mwanga na harufu. Hivyo vitu unaweza kuvipunguza.

Na kuna dawa zinazoharibu kinywa bila kosa la mtu. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini, zinaweza kufanya fizi zivimbe na kupanda juu ya meno. Dawa za maji zenye sukari, akinywa kila siku kwa miaka, huozesha meno. Watu wenye hali ya Down hupata magonjwa ya fizi kwa urahisi zaidi kuliko wengine, na wengi wao huzaliwa na matatizo ya moyo, kwa hiyo wengine lazima wapewe antibayotiki kabla ya matibabu yanayotoa damu kinywani. Nasema haya ili tusimlaumu mama kwamba hampigishi mswaki mwanae. Mara nyingi yule mama amepigana vita ambavyo sisi tungevikimbia.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: upendo usiojifunza unaumiza. Mifano ipo hapa kwetu. Sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, bado wapo wanaoamini kwamba mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, chanzo ni "meno ya plastiki". Basi mtoto anashikwa, fizi zinachimbuliwa kwa kifaa kisicho safi, na kitu cheupe kinatolewa. Kile cheupe ni chipukizi la jino lake la kawaida, mara nyingi chonge. Mtoto anaweza kuvuja damu vibaya, kupata maambukizi, hata kufa, na meno ya kudumu yaliyo chini yake yanaweza kuharibika. Ile familia inayomshika mtoto haimchukii. Inampenda. Na kama ungewauliza, wangejibu kwa machozi: "Ni kwa faida yake."

Kwa hiyo maneno "kwa faida yake" peke yake hayatoshi kutakasa mkono unaoshika. Lazima iwe faida ya kweli.

Yesu na mtu aliyeletwa na wengine

Fungua Injili ya Marko, sura ya 7, kuanzia aya ya 31. Watu wanamletea Yesu mtu kiziwi ambaye pia hawezi kusema vizuri. Wanamwomba amwekee mkono. Naomba uangalie jambo hili: aliyeomba si mgonjwa. Yeye hakusema neno. Ameletwa. Ndugu na majirani ndio wamemwamulia, kama wanavyoletwa wagonjwa wetu.

Yesu angeweza kusema, "Wakubwa wake wameshaomba, inatosha," akamponya palepale mbele ya umati. Hakufanya hivyo. Alimtoa pembeni, mbali na watu. Kisha akaweka vidole vyake masikioni mwa yule mtu, akatema mate, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni, akaugua. Ndipo akatamka lile neno, Efatha.

Kwa nini ishara zote hizo? Kwingine Yesu anaponya kwa neno tu, tena kwa mbali. Mimi naona hivi: yule mtu hasikii. Maneno yasingemfikia. Kwa hiyo Yesu anaongea naye kwa lugha anayoielewa, yaani mikono. Anamgusa mahali penye shida, kana kwamba anamwambia, nitafanya hapa, na hapa, na nguvu inatoka kule juu. Aliyeletwa kama mzigo anageuka kuwa mtu anayeambiwa.

Wanaotibu meno ya watoto wana kanuni ya siku nyingi: mwambie, muoneshe, halafu fanya. Unamwambia kwa lugha yake, unamuonesha kioo kidogo kwenye kidole chake kwanza, ndipo unakiingiza mdomoni. Mimi nikisoma Marko 7 naiona kanuni hiyo pale.

Na Kanisa halikuisahau ile ishara. Katika ibada ya Ubatizo kuna sala ya Efatha, ambapo mhudumu anagusa masikio na mdomo wa mbatizwa. Pengine uliguswa mdomo hivyo ukiwa mchanga, hujui hata kusema "ndiyo". Wazazi na wasimamizi walisema kwa niaba yako. Sisi Wakatoliki hatuwezi kusema kwamba mtu asiyeweza kujibu hawezi kutendewa jema lolote. Sisi wenyewe tuliipokea neema kwa njia hiyo.

Akili iliyofungwa si akili isiyokuwepo

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama watu waliokosa matumizi ya akili wanafaa kubatizwa. Jibu lake lina jambo la kutusaidia. Anasema watu hao hawako kama wanyama. Hawakukosa roho yenye akili. Kilichotokea ni kwamba kiungo cha mwili kimezuia akili hiyo isifanye kazi. Na kuhusu wale waliowahi kuwa na akili timamu halafu wakaipoteza, anasema tuangalie walitaka nini wakati ule walipokuwa timamu.

Ona, karne nyingi kabla ya sheria za leo, mwanateolojia huyu anatuambia tuutafute utashi wa mtu hata pale ambapo hauonekani kwa macho. Siku hizi sheria nazo zinasema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unadai watu hao watibiwe kwa ubora uleule wa wengine, na kwa ridhaa yao huru baada ya kuelezwa. Na mwaka 2024 Kanisa lilitoa tamko la Dignitas Infinita, likisisitiza kwamba hadhi ya mtu haitegemei uwezo wake. Ipo kwa sababu yupo.

Mtakatifu Yohane Paulo II naye, kabla hajawa Papa, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu mapendo na wajibu. Wazo lake kubwa humo ni kwamba mtu hafai kutumiwa kama chombo cha kufikia lengo fulani. Anayestahiliwa na mtu ni upendo. Sasa weka wazo hilo kwenye kiti cha meno. Ninapomshika mgonjwa ili foleni iende, nimemtumia. Ninapomshika ili dokta asinikasirikie, nimemtumia pia. Hata kama jino limezibwa vizuri kabisa.

Wagonjwa wawili

Niwape mifano miwili. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wahusika wasitambulike.

Wa kwanza ni kaka mmoja wa miaka ishirini na kitu, ana usonji, haongei. Mama yake alimleta kwa sababu alikuwa anajipiga shavu kila siku. Kwa mtu asiyeongea, hiyo inaweza kuwa sentensi nzima: hapa panauma. Siku ya kwanza aligusa mlango wa chumba na kiti, akaondoka. Mama akapewa kioo kidogo cha plastiki akafanye naye mazoezi nyumbani. Siku ya pili alikaa. Tukaanza kuhesabu moja hadi kumi, na kila tukifika kumi mikono yote inatoka mdomoni mwake, hata kama bado kidogo tu tumalize. Bado kidogo ndiyo mtihani wenyewe. Ukiivunja kumi mara moja tu, hatakuamini tena. Siku ya nne jino lake lilizibwa, na hakuna aliyemshika.

Lilizibwaje bila mashine? Hapa nataka mjivunie kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, wataalamu walianza kutumia njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Sehemu iliyooza inakwanguliwa taratibu, kisha tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa fluoraidi. Lengo lilikuwa kuwafikia watu wa sehemu zisizo na umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi nyingine. Kumbe njia iliyobuniwa kwa ajili ya maskini wa vijijini inamfaa sana pia mtu anayeogopa kelele: hakuna mngurumo, na mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi. Waliowatafuta walioachwa nyuma wamewasaidia na wengine ambao hata hawakuwalenga.

Mgonjwa wa pili ni binti mwenye mtindio wa ubongo. Alikuja shavu limevimba, usaha unatoka, homa, hajala siku mbili. Huyu hakuwa na siku nne. Maambukizi ya jino yakiachwa yanaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo. Kumpeleka hospitali kubwa akatibiwe kwa nusu kaputi kungemchelewesha. Dokta alieleza yote, mama akakubali, na yule binti naye akaelezwa, polepole, akioneshwa kwa mkono. Alilia, akageuza kichwa. Mama alimpakata, mimi nikamshika kichwa kwa mikono miwili, ganzi ikaingia, jino likatoka. Dakika chache tu.

Baada ya hapo watu wengi huwa wanasema, "Si umeona, wala haikuuma!" Mimi nilimwambia, "Pole sana. Najua umeogopa, na imeuma. Tumemaliza." Maana iliuma kweli. Ukimshika mtu kwa nguvu, halafu ukamwambia hakuna kilichotokea, umemwonea mara mbili.

Je, tulitenda haki? Naamini ndiyo. Na bado sisemi ilikuwa safi kama ile ya kwanza. Kuna mambo ya haki ambayo ukishayatenda unapaswa kuyabeba moyoni, si kuyashangilia. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nguvu inaweza kuziba nafasi ya uaminifu kwa siku moja, lakini haiwi uaminifu.

Sasa inategemea nini?

Turudi kwenye lile "inategemea" letu. Mimi najiuliza maswali matano kabla mikono yangu haijashika.

Kwanza, hitaji ni la kweli na haliwezi kusubiri? Ugaga wa meno unaweza kusubiri wiki mbili. Usaha hauwezi.

Pili, tumejaribu njia nyingine zote tulizo nazo? Muda, mazoezi, kupunguza taa, kuwepo kwa mama, au rufaa hospitali.

Tatu, ni kwa faida ya nani? Ya mgonjwa, au ya saa ya ukutani?

Nne, ningeshika hivi hivi kama mama yake angekuwa anatazama? Na kama Yesu angekuwa ndiye aliyekaa pale? Mathayo 25 inasema ndiye.

Tano, nipo tayari kuacha? Mkono wa upendo unalegea mara tu hatari inapopita. Mkono wa hasira unaendelea kubana hata kazi ikiisha. Utaujua kwa hilo.

Usidhani maswali haya ni ya watu laini. Huko Marekani kulikuwa na njia iliyofundishwa waziwazi kwa madaktari wa meno ya watoto: mtoto akipiga kelele, unamziba mdomo kwa mkono mpaka atulie. Ilitumika kwa miaka mingi na watu waliosoma, wenye nia njema. Mwaka 2006 chama chao cha madaktari wa meno ya watoto kiliiondoa kwenye miongozo. Hata wasomi huhitaji mtu wa kuuliza, "Jamani, hii ni sawa kweli?"

"Mimi ni msaidizi tu"

Na huyo mtu wa kuuliza anaweza kuwa wewe. Hapa naongea na ninyi mnaoanza kazi: wauguzi, walimu wasaidizi, walinzi, dada wa kazi anayelea mtoto mwenye ulemavu. Tuna msemo wetu wa kujificha nyuma yake: "Mimi ni msaidizi tu. Nimeambiwa."

Ni kweli, daktari ndiye anayeamua tiba, na si kazi yangu kuingilia ujuzi wake. Lakini daktari anaangalia jino. Mimi ninaangalia uso. Mimi ndiye ninayeona vidole vimekunja kitambaa, pumzi imebadilika, machozi yanatoka bila sauti. Nisiposema, hakuna atakayesema. Kusema si utovu wa nidhamu. Unaweza kusema kwa adabu, "Dokta, tumpe dakika moja." Maneno hayo manne yanatosha, na madaktari wema huyashukuru.

Dhamiri haiachwi mlangoni pamoja na viatu. Mkono ni wangu, hata kama amri ni ya mwingine.

Kuna pingamizi moja zito, na lazima nilitaje. Nje kuna benchi limejaa. Ukimpa mmoja saa nzima, wengine wanasubiri, nao wanaumwa. Ni haki hiyo? Kusema tu kwamba Mchungaji aliwaacha kondoo tisini na tisa kungekuwa kumkimbia anayeuliza, maana wale walioko kwenye benchi si picha, wana majina na maumivu. Ninachoweza kusema ni kwamba haki si kugawa dakika sawasawa. Ni kumpa kila mtu anachohitaji ili atibiwe. Mwingine anahitaji dakika kumi, mwingine arobaini. Mengine ni mipango: kumpa asubuhi mapema kabla hapajajaa, kuwaeleza wanaosubiri kwa nini. Na nimeona kwamba watu wakielezwa, wengi huelewa. Kinachowaudhi ni kutokuambiwa. Lakini gharama ipo, na mtu atailipa kwa kusubiri. Nadhani ni afadhali tuilipe sisi tunaoweza kueleza tunavyojisikia.

Mtakatifu Apolonia

Msimamizi wetu sisi tunaofanya kazi za meno ni Mtakatifu Apolonia, anayekumbukwa tarehe 9 Februari. Hakuwa tabibu. Alikuwa mwanamke Mkristo wa Aleksandria ambaye karibu mwaka 249 alikamatwa na kundi la watu wenye ghasia, wakampiga mataya mpaka meno yakang'oka, na akafa mfiadini. Katika picha anachorwa ameshika koleo lenye jino.

Nimewahi kujiuliza kwa nini Kanisa halikutupa daktari awe msimamizi wetu. Likatupa mtu aliyeshikwa kwa nguvu na kuumizwa kinywa. Sasa naona ni busara. Koleo la Apolonia na koleo lililoko kwenye trei yangu ni la namna moja. Kazi yake ni ileile, kung'oa. Tofauti yote imo kwenye mkono: unamshika nani, kwa nini, na kama unamwona.

Basi jibu langu ndilo hili. Ndiyo, kuna wakati ni halali kumshika mtu kwa nguvu ili umtendee wema. Lakini "hapana" ya mtu asiyeweza kusema ni neno kamili. Lazima lisikilizwe. Na siku tunapolazimika kwenda kinyume nalo, bado lazima lijibiwe: kwa maelezo, kwa upole, kwa kuacha mapema, na kwa kusema pole ya kweli.

Huenda wewe hutafanya kazi ya meno. Lakini utamwogesha bibi asiyekutambua tena. Utamnywesha dawa mdogo wako. Utamwongoza mjomba mlevi kurudi nyumbani. Mikono yako itashika. Iandae kuanzia leo.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani katika familia au Jumuiya yangu ambaye kila mtu humwamulia mambo bila kumwambia?
2. Ni lini nimetumia maneno "kwa faida yako" ili mambo yangu yaende haraka?
3. Wiki hii, nitamwambia nani kwanza kabla sijamtendea?

Tusali

Bwana Yesu, ulimtoa yule kiziwi pembeni, ukaongea naye kwa mikono yako. Itakase mikono yetu. Ifundishe kushika bila kuonea na kuachia bila kutelekeza. Utupe masikio ya kuwasikia wasiosema, na ujasiri wa kusema pale wengine wanaponyamaza. Mtakatifu Apolonia, utuombee. Amina.